Radhi za Mama na Fomu ya Kuridhika

Mashairi juu ya mama hayaishi katika jarida letu, na siombi yaishe. Ila nimeyasoma mengi, ya humu ndani na yale yanayosomwa uwanjani kila tarehe 8 Machi na tarehe 20 Juni, na naona karibu yote yanapita njia moja. Yanaanza na miezi tisa. Yanapitia maziwa na mgongo. Yanavuka Ziwa Tanganyika usiku, boti imejaa, risasi zinalia nyuma. Yanafika Kigoma, kisha Nyarugusu, mama anagawa uji na kusema yeye ameshiba. Halafu linakuja neno "asante", linarudiwa mara tatu, watu wanapiga makofi, basi, imeisha.

Hakuna uongo hapo. Wengi wetu tulivuka hivyo hivyo tangu 1996, na mama waliosema wameshiba walikuwa na njaa. Lalamiko langu ni la msomaji tu: mashairi haya yanaishia pale kazi inapoanza. Mama anayeimbwa yuko hai. Amekaa mstari wa pili juu ya ndoo yake, goti linamuuma, na shairi halimuulizi hata hali. Linaongea naye kama linaongea na marehemu.

Najua nitaambiwa: "We mwalimu, waache watu washukuru, shukrani inatuliza moyo." Kweli, inatuliza. Mchungaji anatuambia, shehe anatuambia, na hata kwenye vikundi vya ushauri tunaombwa kila mtu ataje mambo matatu anayoshukuru. Mimi sikatai. Ninachotaka kujua ni shukrani ipi hasa inayotuliza, maana nimeona watu wanaoshukuru kutwa nzima na usiku usingizi hawapati. Jibu nimelitafuta katika kazi mbili za zamani, utenzi mmoja wa pwani na kitabu kimoja cha Guinea. Lakini kwanza tuangalie neno lenyewe.

Baada ya mgao wa chakula, kuna wakati kijana anapita nyumba kwa nyumba na simu ya kazi, anauliza: je, umeridhika na huduma? Sana, kiasi, kidogo, au hujaridhika kabisa? Ndugu zetu wa mashirika, siwacheki. Bila maswali kama hayo malalamiko yetu yasingefika popote. Ila angalieni fomu inavyolitumia neno. Katika fomu, kuridhika ni jambo kati yangu na kitu nilichopewa. Unga ukitosha nimeridhika, ukipungua sijaridhika. Mtu mwingine hayumo.

Kiswahili cha nyumbani hakiko hivyo. Neno hili lilitutoka Uarabuni, likazaa watoto: radhi, ridhaa, kuridhia, kuridhisha. Tukiomba msamaha tunasema "niwie radhi". Mtu akichukuliwa kitu bila kukubali tunasema "bila ridhaa yake". Mtoto akiondoka nyumbani vizuri tunasema amepata radhi za wazazi, na methali inaongeza kwamba radhi ni bora kuliko mali. Yaani msamaha, kibali, baraka na utulivu wa moyo ni ndugu wa tumbo moja, na wote wanahitaji mtu wa pili. Radhi hujipi mwenyewe. Unapewa na mtu ambaye umemtendea jambo, naye akafurahi.

Sasa tuje kwenye utenzi. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858 kwenye visiwa vya Lamu. Mume wake, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyesumbuana sana na Sultani wa Zanzibar, alikuwa amekwisha kufariki. Mama mwenyewe ni mgonjwa, anasema maradhi yamemkaa mwaka mzima, na anamwandikia binti yake, Mwana Hashima. Mshairi wetu wa uwanjani angepata hapo mahali pazuri sana pa kuliza watu. Mwana Kupona hafanyi hivyo. Anaanza kwa kumtuma mtoto: asogee, akae, alete wino na karatasi. Mgonjwa wa mwaka mzima, na neno lake la kwanza ni kumpa binti kazi! Msomaji mwenye mama atacheka hapo, maana anamjua huyo mtu.

Mbele kidogo linakuja jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mwana Kupona anamwambia binti yake kwamba mtu anahitaji radhi tano ili apate kupumzika, hapa duniani na huko akhera: za Mungu, za Mtume, za baba, za mama, na za mume. Hizo tano zikikamilika, mtu ametulia. Angalieni alivyopanga. Utulivu wa moyo anauweka mwishoni, kama matunda, na mti wenyewe ni watu waliokuwia radhi. Na yeye, mama anayeongea, amejihesabu kuwa mmoja kati ya watano. Hakujiweka juu ya wote, wala hakuomba aimbwe.

Nilipousoma utenzi huu na wasichana wa kikundi chetu cha kusoma, walikasirika, na walikuwa na haki. Sehemu ndefu inamfundisha binti amtunze mume: ampepee akilala, asitoke bila ruhusa yake. Msichana mmoja aliniuliza, "Sasa mwalimu, na mume, yeye radhi za mke anazitafuta wapi?" Utenzi hauna jibu la swali hilo, na nadhani hapo ndipo umri wake unapoonekana. Mwana Kupona aliandika kwa mke wa nyumba ya watawala, na ulimwengu ule alitaka binti yake aishi ndani yake bila kuumia. Sisi hatulazimiki kuubeba mzigo wote. Ila nisingependa tuutupe pamoja na kile kilicho kizuri. Hesabu ile ya radhi inadai vitendo. Kila anayetajwa ana jambo la kutendewa, na binti anaelezwa atende nini, asubuhi na jioni. Ukitaka kujua kwa nini mashairi yetu ni mepesi, linganisha: yetu yana hisia nyingi na hayana kitendo hata kimoja baada ya makofi.

Nadhani najua njia yetu ilianzia wapi. Wengi wetu tuliosoma shule za Kifaransa, Kongo au Burundi, tulikaririshwa shairi la mwanzo wa kitabu *L'Enfant noir* cha Camara Laye wa Guinea, kilichotoka Paris mwaka 1953. Ni shairi analomtolea mama yake: mgongo uliombeba, maziwa, hatua za kwanza, na hamu ya kuwa karibu naye tena. Hata mtu aliyesahau hesabu zote za shule anakumbuka mistari miwili mitatu. Mashairi yetu ya uwanjani ni wajukuu wa shairi hilo. Tatizo ni kwamba wajukuu walisoma ukurasa wa kwanza, wakafunga kitabu.

Shairi lile, msomaji, ni la huzuni. Camara Laye aliandika kitabu akiwa kijana Ufaransa, amefanya kazi kwenye kiwanda cha magari cha Simca, baridi, upweke, mama yuko Kouroussa. Shukrani yake imejaa, lakini haina pa kwenda. Hawezi kumchotea mama maji. Hawezi kumshika mkono. Anachoweza ni kutamani kuwa mtoto tena, na hamu hiyo haimtulizi mtu, inamkausha. Kwa hiyo tukiliiga shairi lile hapa kambini, ambapo mama wa mtu anakaa nyumba ya pili, tunaazima huzuni ya Paris bila sababu.

Kitabu chenyewe ni kitu kingine. Ukifungua kurasa za ndani, mama si mgongo tu na maziwa tu. Ni mtu mwenye amri. Kuna farasi aliyelala njiani, amekataa kuamka, watu wameshindwa; mama anamsemesha, farasi anasimama. Mto Niger ukifurika na mamba wakasogea, watu wengine wanaogopa kwenda majini, yeye anachota maji yake bila kuguswa, kwa sababu mamba ni ndugu wa ukoo wake. Usiku anakagua nyumba ya kijana wake asije akaficha msichana humo. Ni mama unayemwogopa kidogo, na ndiyo maana unamwamini anapokupenda.

Halafu inafika siku ya kuondoka. Camara amepata nafasi ya kwenda kusoma Ufaransa. Baba amekubali, ingawa moyo wake unauma. Mama anatwanga kwenye kinu, na wanaume wawili wanamkaribia kwa woga kumpa habari. Hakubali. Anagomba, anawalaumu wote wanaomchukulia mtoto wake kila mara, wakampeleka mbali zaidi na zaidi. Hasira inaisha kwa machozi, anamkumbatia, lakini ridhaa kamili hakuitoa. Kijana anapanda ndege akilia. Mwisho wa kitabu anagusa mfuko wake, anakuta umevimba: ndani kuna ramani ya treni za chini ya ardhi za Paris.

Nani hapa kambini hajaiona siku hiyo? Basi la watu wanaohamishiwa Marekani au Kanada linasimama, mabegi yenye nembo, nyimbo, na kuna mama anayebaki kwa sababu faili lake liko peke yake. Mtoto anaondoka na karatasi zake mfukoni. Sina neno baya juu ya walioondoka; wengine wao ndio wanaotuma pesa kwa simu na kuwafanya wazazi wavuke mwezi. Nasema tu kwamba kitabu cha 1953 kiliijua siku yetu kabla yetu. Na kimenifundisha jambo juu ya shukrani ya mtu aliye mbali. Camara Laye hakuweza kumchotea mama maji, kwa hiyo alifanya kazi aliyoiweza: alimchora. Alikumbuka farasi, mamba, kinu, ugomvi, akaviandika vizuri hadi mtu wa Uvira anamjua mama wa Kouroussa kwa mwendo. Hiyo ni kazi, tena kazi kubwa. Shairi la mwanzo linasema asante. Kitabu kizima kinailipa.

Kuna mtu aliyekichukia kitabu hiki, na lazima nimpe nafasi. Mongo Beti, mwandishi wa Kamerun, alikishambulia katika jarida la *Présence Africaine* kwenye miaka ile ya 1950. Alisema ni fasihi ya rangi ya waridi: utoto mtamu, mama mwema, mizimu ya ukoo, na wakoloni hawaonekani kabisa. Kwamba mwandishi ameshukuru hadi akasahau kusema nani anakanyaga shingo za watu.

Ugomvi huo tunao hapa kila mwezi. Mtu akisema anashukuru, jirani anamwambia, "Wewe umenunuliwa." Mtu akilalamika kwamba mgao umepunguzwa, mwingine anamtupia methali: asante ya punda ni mateke. Kana kwamba kuna foleni mbili, ya wenye shukrani na ya wenye madai, na lazima uchague ya kusimama. Lakini tazama maisha ya hao wawili yalivyoenda. Camara Laye, mwenye shukrani, alikosana na serikali ya nchi yake, akaikimbia mwaka 1965, akafa Dakar mwaka 1980. Mongo Beti, mwenye madai, alikaa Ufaransa zaidi ya miaka thelathini, akarudi Kamerun mwaka 1991. Wote wawili walionja chakula cha ugenini kama sisi. Shukrani haikumkinga mmoja, madai hayakumkinga mwingine. Ndiyo maana mimi siamini kwamba shukrani ni kodi unayolipa ili uachwe ukae.

Mongo Beti ana haki pale ambapo shukrani inafunga mdomo. Ila amemsoma vibaya yule mama. Mama wa Camara Laye hakunyamaza. Anagomba mbele ya baba, anagomba na shule, anagomba na safari. Katika kitabu kile kinachosemwa kuwa kitamu mno, sauti kali kuliko zote ni ya mwanamke anayekataa kunyang'anywa mtoto. Mtoto aliyeiandika sauti hiyo bila kuipunguza amemshukuru mama kwa namna nzuri zaidi kuliko shairi lake la mwanzo.

Nitaleta mfano mmoja wa nyumbani, kwa sababu hoja bila mfano ni kama sombe bila chumvi. Mimi ni mwalimu wa kambini, napata ile pesa kidogo ya motisha. Kila mwezi sehemu yake naipeleka kwa mama. Hasemi asante. Anahesabu, anafungua pindo la kikwembe chake, anafunga humo, na kabla jua halijazama sehemu imeshatoka: kwa mama jirani ambaye mtoto wake anaumwa, au kwa kanisa, au amenunua ndagala akawapa wajukuu wa mtu mwingine. Watu waliniambia nimshauri aweke akiba. Yeye anajibu, "Tangu tulivuka nimekuwa mtu wa kupokea tu. Sasa na mimi nina cha kutoa." Na huyo huyo mama, siku ya mgao, analalamikia maharagwe magumu kwa sauti ambayo mstari mzima unasikia. Ameridhika na anadai, kwa siku moja, kwa mdomo mmoja. Fomu ingemwandika wapi?

Hapo nimeona kitu ambacho kazi zote mbili zinakisema kwa njia tofauti. Mwana Kupona, mgonjwa kitandani, bado anatoa: anatoa maneno, anatoa kazi, anatoa radhi. Mama wa Kouroussa anatoa amri. Mama akiwa mzima kwenye maandishi, ana kitu mkononi. Kumsaidia mama, basi, ni kumrudishia nafasi ya kutoa. Ukimpelekea unga ili ale, umefanya vizuri. Ukimpelekea unga unaotosha yeye kumkaribisha mtu, umemrudisha kwenye kiti chake. Na wewe uliyempa, moyo wako unatulia kwa sababu iliyo wazi: kambini kila kitu kinatujia kwa kadi na alama ya kidole, na hapo, kwa huyu mtu mmoja, wewe ndiye unayepeleka. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, walisema wa zamani. Shukrani kwa wafadhili wa mbali inaishia kwenye hotuba, maana hatuna cha kuwatendea. Shukrani kwa mama ina zamu ya bomba, ina kuni, ina kumsindikiza kliniki na kumngoja. Ndiyo inayolala usingizi.

Na mwenye mama aliyebaki Fizi, au aliyezikwa huko? Hilo swali ni zito, na utenzi na kitabu haviliondoi. Lakini mila zetu hazijamwacha mtu mikono mitupu. Dada wa mama ni mama. Mama mkubwa, mama mdogo, mama wa rafiki uliyevuka naye, bibi wa mwisho wa mtaa ambaye watoto wake walipotea njiani: hao wote wanaweza kukuwia radhi, na radhi zao zina uzito. Aliye mbali ana kazi ya Camara Laye: amwandike mama yake sawasawa, na tabia zake ngumu, ili wajukuu wasiomwona wamjue.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina ombi dogo. Siku mkitengeneza fomu nyingine, ongezeni swali moja: "Mwezi huu umeweza kumpa nani kitu?" Majibu yatawaonyesha kuridhika kwetu kuliko yale maswali ya sana na kidogo. Yatawaonyesha pia kitu kingine: mgao ukipungua, cha kwanza kinachokatika nyumbani ni kile tulichokuwa tunampa mtu.

Na kwa washairi wetu, ambao nawasoma kila toleo na nitaendelea kuwasoma: miezi tisa tumeisikia, mgongo tumeusikia. Tuambieni mama anagomba vipi. Tuambieni anapenda lengalenga au hapendi, alimtuma nani wapi jana, pindo la kikwembe chake lina nini. Andikeni shairi ambalo linaanza baada ya asante, asubuhi ya siku ya pili, saa ndoo zinapangwa bombani na mtoto wa mtu anachukua ndoo ya mama yake bila kuambiwa.